Sangara wa maji baridi na papa potwe

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita aliandika hivi kwenye insha: "Sangara ni samaki ya maji baridi na ni ndogo zaidi kuliko papa potwe." Mwalimu amesahihisha "ya" na "ndogo", lakini "maji baridi" ameyaacha. Sisi tunaishi Mwanza, ziwani tunaoga kila siku, na maji yenyewe si ya baridi kihivyo. Hilo si kosa?

JIBU: Si kosa, baba. "Baridi" ni neno la kuangaliwa pamoja na kinyume chake. Mhudumu wa mgahawani akikuuliza, "Maji ya baridi au ya kawaida?" anazungumzia friji. Bafuni, kinyume cha baridi ni moto. Harusini, "vinywaji baridi" ni soda na juisi hata kama kreti zimeshinda juani tangu asubuhi, kwa sababu hapo kinyume chake ni vinywaji vikali. Na kwa watu wa samaki, kinyume cha maji baridi ni maji chumvi. Basi.

Ndiyo maana Ziwa Victoria, lenye nyuzi joto 24 au 25, ni maji baridi, ilhali vilindi vya bahari kuu, ambako joto hushuka chini ya nyuzi 4, ni maji chumvi. Mtu wa pwani akichimba kisima karibu na ufuo, kwanza huonja. Akitema, ni ya chumvi. Akimeza, atakwambia maji ni baridi, au ni matamu, na sukari hamna humo.

Ukitaka kuzungumzia joto bila kumchanganya mtoto, tia "ya": maji ya baridi. Sisemi ni sheria. Wengi huagiza "maji baridi" dukani na wanapewa ya friji bila ugomvi.

Kwenye "ya" na "ndogo" mwalimu yuko sawa. Samaki ni kiumbe, hivyo ni samaki wa, sangara mdogo, papa huyu. Kufa hakumwondolei heshima hiyo: sokoni tunauliza "Huyu bei gani?" na samaki amelala juu ya meza, macho yamemtoka. Akishakuwa nyama, upatanisho unafuata nyama: nyama ya papa hii.

Mimi ningegusa "zaidi kuliko". "Mdogo kuliko" inatosha. "Zaidi" hapo ni abiria asiye na tiketi. Halafu "mdogo" lenyewe lina maana mbili, umbo na umri, na kwa samaki hawa wawili tofauti hiyo inaonekana wazi. Potwe wengi wanaofika karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, kati ya Oktoba na Machi ni wadogo, yaani bado hawajakomaa. Lakini potwe mdogo wa mita 5 anamwacha mbali sangara mzee, ambaye akikua sana hufika mita 2 na kilo 200 hivi. Kwa hiyo taja kinacholinganishwa: "Papa potwe anamzidi sangara kwa urefu." Potwe aliyekomaa, wa mita 12, anamzidi mara sita.

Kama insha itasomwa ng'ambo ya mpaka, ajue kwamba sangara huyohuyo Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa.

Na hilo "potwe" mwanao kalipata wapi? Vitabu vingine huandika "papa nyangumi", jina linalomfanya msomaji adhani ni nyangumi, mnyama anayenyonyesha, wakati huyu ni samaki, tena mkubwa kuliko samaki wote. Potwe ndilo jina la wavuvi wa Mafia. Mtoto wa Mwanza kulijua! Mimi ningemwongezea maksi.