Mji Uliopungukiwa na Watu Baada ya Vita Ujengwe kwa Kipimo Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, barazani kwetu Dunda tulibishana kuhusu miji ya Ukraine iliyobomolewa. Mzee wetu mmoja alishikilia kwamba vita vikiisha mji ujengwe wote kama ulivyokuwa, kwa kuwa watu wakikuta nyumba watarudi. Kijana mmoja akajibu kwamba kumjengea asiyekuwepo ni kupoteza fedha, afadhali mahame yafutwe. Ni yupi aliye sahihi?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ndugu msomaji, mji mnaoishi unaweza kumjibu mzee wenu kwa sehemu. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889 viliwatawanya wakazi wa Bagamoyo, maelfu wakakimbilia kwenye misheni ya Wakatoliki, lakini kilichouondolea mji nguvu zake kwa muda mrefu ni kuhamishwa kwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na baadaye reli iliyoanzia huko badala ya hapa. Watu hufuata riziki kabla ya kufuata paa. Vukovar, nchini Kroatia, ulikuwa na wakazi wapatao 44,000 mwaka 1991, kabla haujazingirwa na kubomolewa katika vita vya kuvunjika kwa Yugoslavia. Nyumba nyingi zilijengwa upya, na bado sensa ya 2021 ilikuta karibu nusu tu ya idadi hiyo.

Hasara ya kujenga kwa kipimo cha zamani haiishii kwenye nyumba tupu. Iko zaidi chini ya ardhi, mahali ambapo wanasiasa hawazindui kitu. Bomba lililopimwa kwa watu laki moja likitumiwa na elfu arobaini, maji hukaa humo muda mrefu na klorini, dawa ya kuua vijidudu, hupungua; mfereji wa majitaka nao hukosa mkondo wa kusukuma uchafu, ukatuama na kuziba, hata mamlaka ikalazimika kumwaga maji safi ili kuusafisha. Gharama hiyo yote hubebwa na waliobaki, ambao mara nyingi ni wazee na maskini. Kwa hiyo mpangaji makini huanza na mitaa ambayo bado ina watu, shule na soko, akarejesha huduma hapo kikamilifu, kisha akasogea nje kadiri watu wanavyorudi.

Hapa kijana wenu amepatia, lakini neno lake la kufuta mahame linanitia hofu. Aliyekimbia mabomu hakuuza kiwanja chake. Mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita vya Bosnia na Herzegovina, uliwapa wakimbizi wa nchi hiyo haki ya kurudishiwa mali zao, na madai zaidi ya 200,000 ya nyumba yalipokelewa, mengi mno yakaamuliwa katika muongo uliofuata. Wengi walirudishiwa nyumba kisha wakaziuza au kuzibadilisha, wakabaki walikohamia. Wapo wanaoona kwamba zoezi hilo halikufaa kitu. Mimi naona lilifaa sana, kwani aliyeuza aliuza kwa hiari yake na akapata mtaji wa kuanzia maisha kwingine.

Basi kiwanja kitupu chenye mwenyewe aliye mbali kifanywe nini? Leipzig, nchini Ujerumani, ulipoteza takriban watu laki moja baada ya 1989, si kwa vita bali kwa kufungwa kwa viwanda na watu kuhamia magharibi. Halmashauri yake ilifanya mapatano na wenye viwanja: ardhi itumike kwa miaka kadhaa kama bustani ya umma, mwenyewe apunguziwe kodi ya ardhi, na hati ibaki jina lake. Miaka ilipogeuka na mji ukaanza kujaa tena hadi kufikia watu laki sita, mwenye kiwanja aliweza kujenga bila kumdai mtu wala kudaiwa. Mapatano ya namna hiyo yangeandikika hata kwa mtu aliye kambini nchi ya mbali, mradi daftari la ardhi limeokolewa. Ndiyo maana nakala za daftari hilo zinastahili kuhifadhiwa nje ya mji vita vikiwa bado vinaendelea.