Gereji ya Wasomaji: Ukoko wa Kaboni Nyuma ya Valvu

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja: masizi magumu yanayoganda kwenye njia ya hewa ya injini za petroli ambazo nozeli zake zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye kifuniko cha injini utaona maandishi kama D-4, GDI, FSI au TSI. Tumechagua tano.

SWALI: Nina Voxy AZR60. Asubuhi inatetemeka na kumisi kama dakika mbili, ikishapata moto inatulia. Nimeweka plagi mpya zote nne, nimemimina chupa tatu za dawa ya nozeli kwenye tangi, hali ni ileile. Kasoro iko wapi? *Msomaji, Njombe*

JIBU: Dawa uliyomimina haikupita penye uchafu, na isingepita hata zingekuwa chupa kumi. Kwenye injini za mfumo wa zamani, mfano 3S-FE ya Noah SR40, nozeli inapuliza petroli nyuma ya valvu ya hewa, kwa hiyo petroli yenyewe inaiosha valvu muda wote injini inapozunguka. Injini yako ni 1AZ-FSE, na nozeli zake zimechomekwa ndani ya silinda. Kwenye mlango wa hewa kinapita kitu kingine kabisa: hewa, mvuke wa oili unaovutwa kutoka krankikesi (chumba cha chini cha injini chenye oili) kupitia valvu ya PCV (inayorudisha mvuke huo kwenye njia ya hewa), na moshi unaorudishwa na EGR (valvu inayorejesha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini). Mvuke wa oili unatua kwenye valvu yenye moto na kuungua nusunusu, masizi yananasa juu yake, tabaka linapanda juu ya tabaka kama ukoko wa wali.

Kwa nini asubuhi tu? Injini hii imeundwa ili hewa iingie ikizunguka, ndiyo maana kuna vipepeo ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Ukoko unavuruga mzunguko huo, na kila silinda inapata hewa kwa kiasi chake. Injini ikiwa ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, hivyo mchanganyiko ulio karibu na plagi ukiharibika kidogo tu, silinda hiyo haiwaki. Ikipata moto inavumilia. Na baridi ya Njombe mnaijua wenyewe.

Hata hivyo, usifungue manifoldi kabla ya kuondoa mashaka mengine. Soma kodi (namba za kasoro) kwa kompyuta. P0300 maana yake misi (silinda kutowaka) inahamahama. P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe. Ikitajwa silinda moja, hamisha koili yake kwenda silinda ya jirani. Kodi ikihama nayo, umepata mwizi kwa bei ndogo. Pima kompresheni (mbano wa silinda): tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1. Chomoa kijiti cha oili ukinuse, kwa sababu sili ya pampu ya presha kubwa ikichoka petroli inashuka kwenye oili, kipimo kinapanda na oili inanuka. Maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanapovujia, acha kaboni kwanza, angalia gasketi ya silinda hedi.

Yote yakiwa sawa, anza na vya bei rahisi: fungua throto (valvu inayopitisha hewa ukikanyaga mafuta) na valvu ya EGR uvisafishe. Ukikuta EGR imeziba kwa masizi makavu, basi valvu nazo ziko hivyohivyo. Kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu inaweza kukuonyesha ikipita kwenye throto, ila mara nyingi vipepeo vinaizuia, mpaka manifoldi itoke.

SWALI: Mark X yangu ni ya 2.5, ya jirani ni ya 3.5. Fundi anasema yangu itajaa kaboni na ya jirani haitajaa. Ananitania? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Hakutanii. Ya 2.5 ina injini ya 4GR-FSE, yenye nozeli za ndani ya silinda peke yake. Ya 3.5 ni 2GR-FSE, ambayo Toyota waliipa seti mbili za nozeli: sita ndani ya silinda na sita kwenye mlango wa hewa. Mfumo huo unaitwa D-4S, na hizo sita za nje ndizo zinazoosha valvu. Ya 3.0, yaani 3GR-FSE, ina za ndani tu kama yako. Mwenye Noah ya ZRR70 yenye 3ZR-FAE, au IST yenye 1NZ-FE, ukurasa huu haumhusu. Nozeli zake ziko nje.

SWALI: Golf yangu ni 1.4 TSI, imetembea kilomita 110,000. Mekanika amesema atapuliza valvu kwa maganda ya walnati. Nataka kujua kazi yenyewe inafanywaje, ili nikisimama pale nijue ninachokiona. *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Walnati ni ile kokwa ngumu inayofanana na ubongo mdogo. Ganda lake likisagwa linatoa chembe ngumu za kutosha kubandua kaboni, lakini zisizokwaruza valvu wala aluminiamu ya silinda hedi. Punje chache zikisalia zinaungua na kutoka. Mchanga haufanyi hivyo. Punje za mchanga zikiingia silinda zinakwangua ukuta na ringi, na injini imekwisha. Mtu akikuambia mchanga mwembamba ni sawasawa, chukua funguo zako uondoke.

Vifaa: maganda yenye punje za kati ya milimita 0.6 na 0.8, kilo 3 hadi 5 kwa silinda nne. Bunduki ya kupulizia. Vakyumu ya gereji yenye nguvu. Adapta inayokaa juu ya mlango wa hewa, yenye tundu la bomba la bunduki na tundu la vakyumu. Gasketi mpya za manifoldi. Kompresa itoe bar 6 hadi 8 mfululizo. Kile kidogo cha lita 24 kitapumua kila baada ya sekunde chache na kazi haitakwisha leo. Lazima kiwe na kichujio cha maji, kwa sababu unyevu unafanya maganda yashikane na kuziba bunduki. Mafundi wa Mombasa na Dar es Salaam wanasumbuliwa na hili kuliko wa Nairobi.

Injini iwe imepoa. Kwanza ishushwe presha ya mafuta: inatolewa fyuzi ya pampu ya tangi, injini inawashwa mpaka izime yenyewe, kisha betri inafunguliwa. Upande wa presha kubwa unafanya kazi kwa makumi ya bar, na ukikanyaga mafuta unapita bar 100, kwa hiyo nati za bomba hizo hazilegezwi na mtu mwenye haraka. Zinazungushiwa kitambaa na kufunguliwa polepole. Kisha inatoka throto, mipira ya hewa, soketi za sensa, halafu manifoldi. Kwenye baadhi ya injini, hasa 2.0 za TFSI za miaka ya nyuma, nozeli hung'oka pamoja na manifoldi. Nozeli ikishatoka hairudi na sili yake ya zamani ya tefloni. Ikirudishwa hivyo itavujisha moto wa silinda, na utarudi gereji ndani ya mwezi.

Sasa sehemu ambayo watu wanaiharibu. Valvu za silinda inayopulizwa lazima ziwe zimefungwa kabisa, vinginevyo kaboni na maganda vinamwagika juu ya pistoni. Plagi zitolewe ili injini izunguke kwa urahisi, kisha kranki (shafti kuu ya injini) izungushwe kwa spana, kwa mwelekeo wake wa kawaida tu. TSI za mwanzo zina cheni, na ukiirudisha kranki nyuma cheni inaweza kulegea na kuruka meno. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Namba 1 ikiwa juu kabisa kwenye kompresheni, valvu za hewa za namba 1 na namba 2 zimefungwa: pulizeni hizo mbili. Zungusha kranki mzunguko mmoja kamili, sasa zamu ni ya namba 4 na 3. Namba 3 usiiguse kwenye mkao wa kwanza. Ndiyo kwanza inaanza kubana na valvu zake hazijafunga. Hata ukijua hesabu hii, mulika tochi uone kwa macho.

Milango isiyopulizwa izibwe kwa matambara safi, na matambara yahesabiwe. Kitambaa kilichosahaulika ndani ya mlango wa hewa ni hasara kubwa kuliko kaboni yote iliyotoka.

Bunduki inapulizwa kwa vipindi vya sekunde 5 hadi 10, vakyumu ikiwa imewashwa muda wote, bomba likizungushwa kuzunguka shina la valvu. Dakika tano hadi kumi kwa kila mlango zinatosha, ila upande wa nyuma wa shina ndio unaobaki mweusi, na hapo ndipo fundi mvivu anapojulikana. Omba kuona kwa kamera. Chuma cha valvu kionekane kijivu. Baadaye mlango unapulizwa hewa tupu na kuvutwa tena na vakyumu, kisha kranki inazungushwa kwenda mkao wa pili.

Kama maganda hayapatikani, ipo njia ya kuloweka. Valvu zikiwa zimefungwa, mimina dawa ya kuyeyusha kaboni mpaka ifunike valvu, subiri dakika 30 hadi 60, sugua kwa brashi ya nailoni au ya shaba, nyonya uchafu, rudia mara tatu au nne. Brashi ya waya wa chuma haifai, nyuzi zake zinakatika na kubaki ndani. Tazama kimo cha dawa: kikishuka, valvu haijafunga na dawa iko juu ya pistoni. Hapo ni lazima injini izungushwe kwa stata plagi zikiwa nje, dawa irukie nje, la sivyo kimiminika kitabanwa na kupinda fimbo ya pistoni. Ukitumia njia hii, badilisha oili siku hiyohiyo.

Boliti za manifoldi zifungwe kwa toko renchi kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha injini yako. Baada ya kuwasha, moshi kidogo na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayopanda na kushuka kwa dakika kadhaa si ajabu. Throto itafutiwe mafunzo yake ya zamani kwa kompyuta, kodi zifutwe. Kazi yote ni saa tatu hadi tano. Aliyekuahidi saa moja atakuwa amesafisha throto.

SWALI: Kuna dawa ya kopo inayopulizwa kwenye njia ya hewa injini ikiwa inanguruma. Inafaa? Na mazee mmoja aniambia nidondoshee maji badala yake. *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Inafaa kwa ukoko mpya. Ule wa miaka kumi inaulainisha juu juu tu. Injini iwe na moto kamili, mtu mmoja aishikilie kwenye mizunguko 2,000, mwingine apulize kwa mibonyezo mifupi baada ya sensa ya hewa, kamwe si kabla yake, kwa kuwa waya wa sensa hiyo unaharibika. Usipite mizunguko 3,500. Kopo likiisha, zima na uiache saa nzima joto liendelee kulainisha, halafu endesha barabara kuu dakika kumi au zaidi. Fuata maandishi ya kopo lako yakitofautiana na haya. Kwenye gari la tabo tuna wasiwasi zaidi: gamba gumu likibanduka linapita kwenye valvu ya moshi na kugonga visu vya tabo, na kuchoma dawa nyingi kwa mkupuo kunapandisha joto la kataliti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi).

Maji tunakataa. Yakizidi kidogo silinda haina pa kuyabana, na fimbo inapinda. Dizeli na mafuta ya taa ndiyo usiyaguse kabisa.

SWALI: Nimeshasafisha. Nifanye nini isirudi haraka? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Itarudi, shida ni lini. Kwa gari la safari ndefu hesabu kilomita 80,000 hadi 100,000. Kwa la mjini, la kuwashwa na kuzimwa kila baada ya kilomita tatu, huenda ikawa nusu yake.

Oili ndiyo malighafi ya ukoko, kwa hiyo anzia hapo. Tafuta sinthetiki yenye daraja la API SP au ACEA C3, ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye karatasi ya maelezo ya oili kuna kipimo kiitwacho Noack, asilimia ya oili inayogeuka mvuke kwenye nyuzijoto 250. SP inaruhusu mpaka 15, C3 mpaka 13. Ikiwa 10 au chini ni bora zaidi. Badilisha kila kilomita 5,000 hadi 7,000, na usijaze kupita alama ya juu, maana oili iliyozidi inarushwa na kranki na kuingia kwenye PCV. Valvu ya PCV yenyewe ibadilishwe wakati manifoldi iko nje. Kwenye injini nyingi ni kitu cha bei ndogo kilichofichwa mahali pagumu.

Kopo la kunasa oili kati ya PCV na manifoldi linasaidia kama ndani lina wavu wa kugandisha mvuke. Makopo matupu yanayouzwa kwa rangi nzuri yanapitisha karibu kila kitu. Likague kila kilomita 1,500 mwanzoni, ujue linajaa kwa kasi gani. Dawa za tangi zenye PEA (kemikali ya kusafisha kaboni) endelea nazo kila ubadilishapo oili: nozeli na kichwa cha pistoni zinavisafisha kweli. Mimina kabla ya kubadilisha oili, kwa kuwa sehemu yake hushuka chini kwenye krankikesi.