Siku nne za maji matupu

SWALI: Mwanangu, mimi ni mjane wa miaka 66, mtu wa Tanga, ila kwa sasa nipo Oakland, California, kwa binti yangu. Amenikatia tiketi ya meli ya utalii ya siku 15, kutoka San Francisco hadi visiwa vya Hawaii na kurudi. Mara ya mwisho kupanda chombo nilitoka Tanga kwenda Pemba, nikatapika tangu tulipoingia Mkondo wa Pemba hadi tulipofunga gati Wete. Sasa naambiwa kuna siku nne hatutaona nchi kavu kabisa! Nina presha, magoti yananisumbua, na sipendi swala zangu zivurugike. Niende, au arudishiwe fedha zake?
*Mama wa Tanga, Oakland*

JIBU: Shikamoo Mama. Nenda.

Safari hiyohiyo niliifanya Februari ya mwaka juzi na dada yangu. Nimezaliwa Pangani, lakini boti hunichafua roho kama inavyokuchafua wewe. Meli ile si boti ya Pemba. Ni jengo la ghorofa, na chini ya maji ina mapezi ya chuma yanayoizuia isilale sana ubavuni. Hata hivyo usiku wa kwanza, tulipokwisha kupita daraja la Golden Gate, mawimbi yalitupokea vibaya na dada hakuinuka kitandani hadi adhuhuri. Chumba chetu kilikuwa mbele kabisa, juu, na huko ndiko kunakorushwa kuliko kote. Mwambie binti aombe chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini. Vidonge vya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika umechelewa. Kwa kuwa una presha, mfamasia aone kwanza dawa unazotumia. Mimi nilitafuna tangawizi mbichi na kukaa nje nikitazama mstari wa upeo wa macho, na ilinisaidia sana.

Hizo siku nne ni kweli. Kutoka San Francisco hadi Hawaii ni maili za baharini kama 2,100, na meli hukata takriban maili 20 kwa saa. Siku ya pili niliamka nikaona bluu pande zote, hakuna ndege, hakuna chombo kingine, nikaogopa kwa namna ambayo siwezi kukuficha. Siku ya tatu hofu ikaondoka. Nilisoma, nililala mchana, nilizungumza na dada yangu mambo ambayo hatukuwahi kuyagusa tangu mama afariki. Mama, binti yako anafanya kazi, na huko Oakland naamini mnaonana jioni tu, amechoka. Zile siku nne ndizo alizokununulia.

Kuhusu swala, nilipata utulivu kuliko nilivyotarajia. Wewe ni msafiri, kupunguza na kukusanya unakujua. Kibla kinabadilika njiani: San Francisco kiko kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo, ukifika Honolulu kimehamia upande wa magharibi wa kaskazini. Na meli yenyewe inageuka, kwa hiyo chukua dira. Saa nazo hurudishwa nyuma usiku, jumla saa mbili wakati wa baridi. Mhudumu wa chumba chetu, kijana wa Indonesia, aliukuta mswala wangu umekunjwa kitini akanitolea salamu ya Kiislamu. Tangu siku hiyo akawa ananiambia chakula kipi kina nguruwe. Nyama ya halali iombwe mapema, wiki kadhaa kabla ya safari. Mimi nilikula samaki na mboga, sikulala njaa.

Kisha utafika mji wa Hilo, kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hawaii, mvua na kijani kibichi, na moyo wako utashtuka. Magimbi! Wenyewe huyaita kalo, huyaponda yakawa uji mzito wa zambarau. Tunda la shelisheli wanalo, nazi, papai, embe. Hata mtumbwi wao ni jamaa wa ngalawa yetu, ila wa kwao una mrengu mmoja, ule mti wa ubavuni unaouzuia usipinduke, na wetu una miwili. Watu waliovuka Pasifiki kwa mitumbwi ile ni wa ukoo mmoja na waliofika Madagaska, na ndiyo maana ufundi wa mrengu uko kwao na uko kwetu. Nilisimama pale ufukweni nikamkumbuka babu yangu, machozi yakanitoka.

Magoti yako yaangalie mtakapofika Kona, upande wa pili wa kisiwa hichohicho cha Hilo. Hakuna gati la meli kubwa. Unashushwa kwenye mashua inayopanda na kushuka na mawimbi. Usione haya kubaki melini siku hiyo. Bandari za Hilo, Honolulu na Nawiliwili (kisiwa cha Kauai) unashuka kwa daraja kama kawaida.

Jambo linalonitia wasiwasi kwako ni karatasi. Meli nyingi za njia hii zina bendera ya nje, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu kuzungusha abiria bandari za Marekani tupu bila kugusa nchi nyingine. Kwa hiyo mtapita Ensenada, Mexico, hata kama ni kwa saa chache. Tazama viza yako: bado hai? Inaruhusu kuingia mara nyingi? Hilo lihakikishwe na kampuni ya meli kwa maandishi. Halafu bima. Mimi niliteleza ngazini siku ya sita, nikapigwa eksirei na kufungwa bandeji, na bili ya zaidi ya dola 600 nikailipa mwenyewe, kwa kuwa niliona bima ni kupoteza pesa. Wewe ni mgeni mwenye presha. Binti asikubali uondoke bila bima ya matibabu ya baharini.

Dawa zako zishike mkononi, kwani masanduku huchukuliwa gatini na wakati mwingine hukufikia chumbani jioni. Beba sweta, maana baridi ya San Francisco itakufuata siku mbili nzima baharini. Kanga utaanza kuzitaka siku ya tatu. Na kama safari ni kati ya Desemba na Aprili, mkikaribia kisiwa cha Maui binti akutoe nje mapema: nyangumi huja kuzaa maji yale, na tuliwaona mama na mtoto wake wakipumua pamoja.