Maswali yenu kuhusu Kansas, jimbo la Marekani: alizeti, moto na jiwe lililorudishwa

Kansas City iko Kansas au Missouri? (Mwanza)
Ziko mbili, moja kila upande wa mpaka. Ile kubwa mnayoisikia ni ya Missouri. Swali hili haliishi kuja, na ramani mnazo kwenye simu.

Ni kweli Kansas ni tambarare tupu? (Nairobi)
Aliyekwambia alipita barabara kuu amelala. Upande wa mashariki kuna Flint Hills, vilima vya nyasi hadi macho yachoke. Mbuga za nyasi ndefu za Marekani hazijabaki hata asilimia 4, na sehemu kubwa ya masalio iko hapo. Hazikupona kwa huruma ya mtu: mawe magumu chini ya udongo yaliwashinda wenye plau, wakawaachia wafugaji. Magharibi kuna Monument Rocks, minara ya chaki inayokaribia mita 20, masalio ya bahari ya kale. Imo ndani ya ardhi ya mtu binafsi. Usiiparamie kwa ajili ya picha. Chaki hiyo inamomonyoka.

Mbona wanachoma nyasi? (Dodoma)
Wasipochoma, vichaka huvamia malisho. Baada ya moto nyasi changa huchipua, ng'ombe wakanenepa. Moshi huwakera watu wa mijini. Ila msije mkawasha pori la kijiji mkisema nimewaruhusu: wenzenu hupima upepo kwanza, na maji yako tayari pembeni.

Alizeti ya bendera yao ni hii ya Singida? (Singida)
Ndiyo, na asili yake ni huko Amerika Kaskazini. Ilifanywa ua rasmi la jimbo mwaka 1903. Ya porini ina vichwa vingi vidogo, na ikiota shambani mkulima huing'oa kama gugu lingine lolote.

Wale watu wawili juu ya farasi bendera­ni ni akina nani? (Tanga)
Afadhali umeuliza. Ni Wahindi Wekundu wanaowafukuza nyati wa Marekani, na mbele yao mlowezi analima kwa utulivu. Nyota 34 ni kwa sababu Kansas ilikuwa jimbo la 34, mwaka 1861. Wakansa, kabila la wenyeji lililoipa jimbo jina, walihamishiwa Oklahoma mwaka 1873. Jina likabaki, wenyewe wakaondolewa. Hata jiwe lao takatifu, jekundu, la tani nyingi, lilibebwa mwaka 1929 hadi mji wa Lawrence na kupachikwa bamba la kuwasifu walowezi! Limerudi mikononi mwa Wakansa juzi tu, na tangu 2024 liko kwenye ardhi yao karibu na mji wa Council Grove, hukohuko Kansas. Ukiona nembo ya serikali yoyote, tazama nani amechorwa akiondoka.

Mama yake Obama alizaliwa Kansas? (Kisumu)
Ndiyo, Wichita, mwaka 1942. Na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe msiniulize tena.