Kumwandaa mbwa mchungaji kwa maonyesho kunaanzia kwenye vidole vyako

Watu wakiniuliza habari za maonyesho ya mbwa karibu wote wanaanza na shampuu, unatumia shampuu gani, kondishena gani, mbona manyoya ya Malkia yanakaa vile, na mi nawarudishia swali: mara ya mwisho umepitisha vidole nyuma ya masikio ya mbwa wako mpaka ukagusa ngozi ilikuwa lini? Nafuga wachungaji wawili, Malkia ni kolii wa manyoya marefu na Tai ni German Shepherd dume, wote nawaandaa mwenyewe na nawaingiza ulingoni mwenyewe, sijawahi kumpa mtu mwingine anishikie kamba.

Ngoja niwaambie ya onyesho letu la kwanza. Nilimwogesha Malkia usiku wa kuamkia siku yenyewe, nikidhani mbwa msafi zaidi ndo mbwa mzuri zaidi, nikamkausha juu juu, nikambrashi mgongo mpaka ukang'aa, tukalala. Asubuhi manyoya yamesimama yote yamefumuka kama pamba, umbo limepotea, huoni shingo inaishia wapi na bega linaanzia wapi. Jaji alikuwa mama mtu mzima, mpole sana, akamshika kichwa, akamtazama macho, akafunua midomo akaona meno, mambo safi, halafu akapeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto na mkono ukasimama. Vidole vikarudi vikapapasa palepale. Kulikuwa na fundo, siyo kubwa, kama kifungo cha shati, na ndani yake bado kuna unyevu. Hakusema kitu, akaendelea na mgongo. Kufika nyumbani nikalifungua lile fundo taratibu nikakuta ngozi chini yake imekuwa nyekundu na inatoa maji. Hicho ndo kilichoniuma, utepe wa ushindi wala sikuukumbuka tena. Yaani mbwa wangu alikuwa anawashwa siku kadhaa na mimi kila siku nilikuwa nampiga brashi mgongoni!

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu wengi wa hawa mbwa wachungaji, kolii, Shetland Sheepdog, Australian Shepherd, wachungaji wa Kijerumani na hata wale wa Ubelgiji wenye manyoya marefu: wana manyoya ya tabaka mbili. La juu ni refu na gumu kidogo, linazuia maji na jua, la chini ni laini na limesongamana, linatunza joto. Ukipiga brashi juu juu unachana tabaka la kwanza tu, la chini linaendelea kusokotana kimyakimya na kwa macho huoni kitu. Kwahiyo mi nafanya kwa mistari. Namlaza Malkia ubavu, naanzia chini karibu na tumbo, mkono wa kushoto unayashika manyoya na kuyapandisha juu mpaka nione mstari wa ngozi, nanyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupuliza maana kubrashi manyoya makavu kabisa kunayakata, halafu nachana kutoka kwenye ngozi kwenda nje, nashusha mstari mwingine, nachana, hivohivo mpaka mgongoni. Kwanza brashi ya pini, mwisho chanuo la chuma. Chanuo likipita bila kukwama ndo nimemaliza, likikwama bado. Sehemu za kuangalia zaidi ni nyuma ya masikio, kwapani, shingoni pale kola inapokaa, na yale manyoya marefu nyuma ya mapaja. Kwa mbwa mmoja ni kama saa nzima, mara mbili kwa wiki, na zile siku nyingine napitisha vidole tu jioni tukiwa tumekaa.

Kuoga: siku tatu kabla ya onyesho, siyo moja. Manyoya yanahitaji muda yatulie na mafuta yake ya asili yaanze kurudi. Suuza mpaka uchoke halafu suuza tena, sabuni ikibaki kwenye tabaka la chini mbwa atajikuna mpaka mbele ya jaji. Na kukausha ndo kazi yenyewe, upepo uelekeze kule manyoya yanakolala huku unabrashi, usiache mpaka ngozi iwe kavu kabisa, maana manyoya yatalala vile yalivyokaukia.

Kunyoa, hapana. Naona watu wanamnyoa mchungaji wa tabaka mbili eti asisikie joto, jamani hilo tabaka la juu ndo linalomkinga na jua, na likinyolewa wakati mwingine halirudi kama lilivyokuwa. Mkasi kwa Malkia nautumia sehemu chache tu, manyoya yanayochomoza kati ya vidole chini ya nyayo, kuzunguka wayo uonekane nadhifu, na yale ya miguu ya nyuma kuanzia kifundo kushuka chini. Kucha nakata kidogo kidogo kila wiki, kucha ndefu zinamfanya mbwa akanyage vibaya na mwendo wote unaharibika.

Lakini siyo kila mchungaji anaandaliwa hivi, kwahiyo soma standadi ya aina yako, yaani maelezo rasmi ya vile mbwa wa aina hiyo anavyotakiwa kuwa, kabla hujanunua hata mkasi. Bearded Collie anatakiwa aonekane wa asili, siyo wa kuchongwa. Puli wa Hungaria ana manyoya yanayojisokota kuwa kamba, yeye huna habari ya kumchana kabisa, kazi yako ni kuzitenganisha zile kamba kwa mikono zisishikane zikawa bapa moja, na akioga kukauka kwake ni safari ndefu. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lililoanzishwa mwaka 1911 na ambalo wachungaji wamewekwa kwenye kundi lake la 1, linakataza mbwa kuandaliwa kwa kitu chochote kinachobadilisha rangi, umbo au hali ya manyoya. Nakumbuka mtu mmoja mzoefu alinishauri nimpake Malkia unga wa rangi kwenye manyoya yake meupe ya shingoni yang'ae zaidi, tena akasema kila mtu anafanya. Nilikataa na ningekataa tena leo. Kama mbwa wangu hana kitu sitaki jaji aamini anacho, hasa ukifikiria kwamba majibu ya ulingoni ndo watu wanayatumia kuchagua nani azae na nani.

Na kuna wakati wa kukubali tu kwamba mwaka huu hapana. Hawa mbwa wanapukutisha manyoya ya ndani kama mara mbili kwa mwaka, na jike mara nyingi anapukutisha baada ya joto, yaani kile kipindi chake cha kutaka dume, au baada ya kunyonyesha, Malkia miezi michache baada ya joto anabaki kama mbwa mwingine kabisa. Nilishawahi kulipia fomu kisha nikaacha kwenda. Afadhali hivyo kuliko kumpeleka mbwa aliyekonda manyoya halafu usome kwenye karatasi ya jaji kile ulichokijua tangu nyumbani. Wakati huo natumia reki ya manyoya ya ndani kuyatoa yaliyokufa, yakitoka haraka mapya yanakuja kwa usawa.

Hapa nisimame kidogo kwenye jambo la dawa, maana kabla ya onyesho watu wanakimbilia kuua kupe na minyoo. Kolii na ndugu zake wengi, Australian Shepherd wakiwemo, wanaweza kubeba hitilafu ya kurithi kwenye jeni inayoitwa MDR1, na mbwa mwenye hitilafu hiyo ubongo wake haujikingi vizuri dhidi ya baadhi ya dawa. Ivermectin kwa dozi kubwa, hasa ile iliyotengenezwa kwa mifugo, inaweza kumfanya ayumbe, apoteze kuona kwa muda, hata azimie na kufa. Kipimo ni rahisi, wanachukua ute wa ndani ya shavu. Malkia nilimpima, ana nakala zote mbili za hitilafu, ya baba na ya mama, na kila daktari anayemgusa namwambia kabla hajafungua kabati la dawa. Kama una kolii na hujapima, acha hayo ya shampuu nenda kapime kwanza.

Tai ni habari nyingine. Manyoya yake ni kazi ya dakika 20, kwake kazi ni mwendo. Max von Stephanitz, Mjerumani aliyeanzisha aina hii ya German Shepherd, alipomwona mbwa mmoja kwenye maonyesho ya Karlsruhe mwaka 1899 na kumnunua, akamwita Horand von Grafrath na kumwandikisha wa kwanza kabisa kwenye kitabu cha aina, alichokitafuta ni mbwa wa kazi, wa kukimbia mchakamchaka kutwa nzima kando ya kondoo bila kuchoka. Mpaka leo standadi inataka dume awe na sentimita 60 hadi 65 begani na mwili uwe mrefu kuliko kimo kwa kama asilimia 10 hadi 17, yote hiyo ni kwa ajili ya mwendo. Sasa Tai alikuwa na tabia moja, tukianza polepole miguu ya kulia inakwenda pamoja halafu ya kushoto pamoja, kama ngamia, wakati mchakamchaka sahihi ni mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto. Mi sikuiona mpaka nikamwomba mtu anirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Dawa ilikuwa kuanza kwa mwendo wa kasi zaidi, akirudia ule wa ngamia namgeuza kidogo pembeni, tunaanza upya. Kabla ya hapo lakini nilimpiga eksirei ya nyonga, maana mwendo ule wakati mwingine ni uchovu na wakati mwingine ni maumivu, na huwezi kumrekebisha kwa kamba mbwa anayeumwa.

Mazoezi ya nyumbani ni mafupi, dakika tano zinatosha. Kwenda moja kwa moja na kurudi, kuzunguka, pembetatu, kusimama. Mwombe mtu asiyemfahamu amfunue midomo aone meno, amguse mgongo, mkia, na kama ni dume korodani pia, maana jaji lazima ahakikishe zimeshuka zote mbili. Mbwa wachungaji wengi wanawahofia wageni kidogo, kwahiyo anza mapema, kwenye maonyesho ya FCI mtoto wa miezi 6 hadi 9 ana daraja lake na pale majaji wengi wanakuwa na subira. Kamba ishike ikiwa legevu. Na usijiweke kamwe kati ya jaji na mbwa, jaji akihamia upande wa pili na wewe unahama.

Siku yenyewe nafika mapema, Malkia anapata kivuli na maji, nampandisha mezani kwa muda wa kumchana tu kisha anashuka, sipendi kabisa kuona mbwa amefungwa mezani saa mbili nzima eti asichafuke.

Mwaka huu Malkia ametimiza miaka 8, anaingia daraja la wakongwe. Onyesho lililopita jaji alipeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto, vidole vikazama mpaka kwenye ngozi vikatoka vyenyewe bila kukwama, akahamia sikio la pili.