Bomba la Zamani Halichakai Lote kwa Pamoja

Miaka michache iliyopita, kamati ya maji ya kijiji kimoja katika milima ya Usambara iliniita niisaidie kuandika ombi la fedha za kung'oa bomba lao lote na kulaza jipya. Ni bomba la mserereko, yaani maji hushuka yenyewe bila pampu, lenye urefu wa kilomita 9 na kipenyo cha milimita 150, lililolazwa katikati ya miaka ya 1970, wakati Serikali ya Tanzania ilipokuwa ikitekeleza mpango wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971, wenye lengo la kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Sehemu ya juu, yenye miamba na miteremko mikali, ni ya chuma. Sehemu ya chini ni ya asbestosi, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbestosi. Tangi lililokuwa likijaa usiku mmoja lilikuwa halijai hata kwa siku mbili, na hoja ya kamati ilikuwa fupi: bomba limezeeka.

Ombi lile sikuliandika. Baada ya wiki tano za kutembea, kupima na kuchimba, tuliandika ombi la chini ya kilomita moja na nusu ya bomba jipya. Mimi ni fundi sanifu wa maji niliyestaafu, na ninaandika haya kwa ajili ya mafundi na wanakamati ambao wanalitazama bomba la aina hiyo na kudhani kwamba mwaka lililolazwa unatosha kulihukumu. Bomba la Mzima, linaloleta maji Mombasa kutoka chemchemi za Tsavo umbali wa takriban kilomita 220, ni la miaka ya 1950 na bado linategemewa. Kwa upande mwingine, nimewahi kufukua bomba la plastiki lililokuwa na miaka 6 tu, limepasuka kila baada ya mita chache kwa sababu lililazwa juu ya mawe makali bila tandiko la mchanga. Umri unakuambia uanze kupima. Haukuambii ung'oe nini.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo cha gharama. Pima maji yanayoingia kwenye bomba kule chanzoni, kisha pima yanayotoka kwenye tangi, siku hiyohiyo na ndani ya saa zilezile. Sisi tulitumia pipa la lita 200 na saa ya simu. Bomba lilikusudiwa kubeba lita 12 kwa sekunde. Kule juu lilikuwa linapokea lita 7, na tangini zilifika lita 5. Watu wengi wakiona 12 na 5 husema kwamba lita 7 zinavuja njiani, na hapo ndipo fedha zinapoanza kutupwa. Zilizokuwa zikivuja ni lita 2. Lita 5 nyingine hazikuwahi kuingia kwenye bomba kabisa: zilikuwa zinamwagika kwenye mdomo wa kufurikia wa banio, yaani ukuta unaokinga maji chanzoni, na kurudi mtoni, na mlinzi wa chanzo alikuwa ameyazoea maji hayo hata hakuyaona kama tatizo. Kwa maneno mengine, tatizo kubwa la bomba lile halikuwa matundu. Lilikuwa limezibwa mahali fulani.

Ili kupata mahali hapo, tembea njia yote ya bomba kwa miguu, tangu chanzo hadi tangi, na usitembee peke yako. Ramani tuliyopewa ilikuwa nakala ya nakala, na nusu ya chemba zilizoonyeshwa, yaani vishimo vilivyojengewa valvu, hazikuonekana ardhini. Aliyetuokoa ni mzee mmoja ambaye alikuwa kijana wakati mtaro ule unachimbwa kwa jembe na mtaimbo. Alisimama katikati ya shamba la maharage, akagonga ardhi kwa fimbo yake, akasema, "Fundi, hapa tulikaa siku tatu kwa sababu ya jiwe. Valvu iko hapa." Tulichimba tukaikuta, chini ya sentimita 60 za udongo. Wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka. Kama una mradi wa zamani, nenda nao kwenye mkuza wa bomba, yaani ukanda wa ardhi linamopita, mwezi huu, chukua alama za eneo kwa simu, na uandike kila wanachokuambia, hata kile kinachoonekana kuwa hadithi tu.

Katika matembezi hayo fungua kila chemba. Valvu za hewa, ambazo hukaa kwenye vilele vya njia ya bomba, ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Ikigoma moja, hewa hukusanyika kileleni na kubana maji hata kama bomba lenyewe ni zima kabisa. Kuna hatari ya pili ambayo watu hawaifikirii: bomba likitolewa maji kwa ghafla na valvu ya hewa ikakataa kuingiza hewa, ndani hubaki utupu, na bomba la chuma lenye ukuta mwembamba linaweza kujibonyeza kama kopo. Valvu za kusafishia mabondeni nazo zifunguliwe. Zetu tatu zilikuwa hazijaguswa kwa miaka isiyohesabika, na ya kwanza ilipokubali ilitapika tope jekundu kwa karibu dakika 40.

Baada ya hapo tulifunga geji za presha kwenye kila sehemu tuliyoweza kuifikia, maji yakiwa yanatembea. Bar moja ni sawa na kimo cha maji cha takriban mita 10, kwa hiyo ukijua miinuko ya ardhi unaweza kuhesabu ni kimo kiasi gani kinapotea kati ya geji na geji. Kwa maji yaliyokuwa yanapita, kipande cha mita 700 hakikupaswa kupoteza zaidi ya mita 2 kwa msuguano. Kati ya chemba mbili tulikuta zimepotea mita 22. Na katikati ya chemba hizo ndipo ilipokuwa valvu ya mzee wetu. Ukiizungusha kwa ufunguo, ilizunguka hadi mwisho, hivyo kila aliyewahi kuijaribu aliondoka akiamini iko wazi. Tulipoivua kofia tukaona uzi wa spindo, ile fimbo inayoinua mlango wa valvu, umekatika, na mlango wa valvu umedondoka ukabakiza upenyo mwembamba kuliko kidole. Valvu moja ndiyo iliyokuwa imekinyima kijiji maji, na bomba la kilomita 9 likapewa lawama.

Hapa sina budi kueleza kosa langu. Tulibadilisha valvu ile asubuhi, na kwa furaha nikaruhusu ifunguliwe yote mchana huohuo. Tangi likaanza kupata zaidi ya lita 8 kwa sekunde, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikaenda kulala. Kabla ya wiki mbili kupita, maungio matatu ya bomba la asbestosi upande wa chini yalikuwa yamefumuka. Sehemu ile ilikuwa imeishi miaka mingi chini ya presha ndogo, mipira ya maungio ikakauka na kukakamaa, nami nikairudishia presha ya ujana wake kwa siku moja. Ukiondoa kizuizi kwenye bomba la zamani, fungua kwa hatua: robo, kisha subiri siku kadhaa huku mtu akitembelea mkuza kila asubuhi, kisha nusu, na kuendelea. Na fungua au funga polepole siku zote. Katika bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde huongeza presha ya karibu bar 10, jambo ambalo mwanasayansi Mrusi Joukowsky alilithibitisha kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, na ambalo fundi mwenye haraka hulithibitisha upya kila wiki.

Mifumuko ile ilitulazimisha tufanye nilichopaswa kukifanya mapema, yaani kuchunguza hali ya bomba lenyewe. Kwa chuma, chimba mahali ambapo maradhi huanza: pale bomba linapotoka ardhini kuvuka kijito, kwa sababu kutu hupenda mpaka wa udongo na hewa, pale linapopita chini ya barabara, na pale udongo unapobadilika kuwa wa mfinyanzi wenye unyevu. Safisha kwa brashi ya waya, kisha pima unene wa ukuta kwa kile kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti, ambacho siku hizi ofisi nyingi za maji zinacho au zinaweza kukiazima. Kama bomba lako ni la chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, usidanganyike na sura, maana chuma hicho kinaweza kuliwa kikabaki na umbo lake kamili huku kilichobaki kikiwa laini kiasi cha kuchongeka kwa kisu. Kikwaruze.

Bomba la asbestosi lina kipimo chake ambacho ni rahisi mno na watu wachache wanakitumia. Maji ya milimani yasiyo na chokaa hula saruji kutoka ndani, na udongo wa kinamasi wenye tindikali huila kutoka nje. Chukua kipande kilichokatwa, kilowanishe kwenye sehemu ya mkato, kisha upake dawa ya fenolfthalini inayotumika kwenye maabara za shule. Saruji iliyo hai hugeuka rangi ya waridi. Iliyokufa haibadiliki rangi. Vipande vyetu vya sehemu kavu viligeuka waridi karibu unene wote. Vipande vya bonde lenye majimaji vilionyesha mstari mwembamba tu wa waridi katikati, ndani ya ukuta wa milimita 15. Bonde hilo lina urefu wa kilomita 1.4, na ndilo tuliloliombea bomba jipya.

Neno moja kuhusu usalama wa bomba hilo, kwa sababu wananchi huuliza. Hatari inayojulikana vyema ya asbestosi ni kuvuta vumbi lake, kwa hiyo anayehatarishwa zaidi ni fundi. Usilikate kwa mashine kavu hata siku moja. Lilowanishe, tumia msumeno wa mkono, vaa barakoa inayofaa, na vipande vifukiwe mahali palipopangwa, visiachwe vikawa vya watoto kuchezea au vya kujengea banda la kuku.

Waliopo mijini wana kazi ya ziada, kwa kuwa maji mengi hupotelea kwenye mtandao wa mitaani, hasa kwenye viungio vya wateja. Huko soma dira ya eneo, yaani mita inayopima maji yanayoingia eneo zima, kati ya saa 8 na saa 10 usiku, wakati matumizi ni madogo. Kinachopita saa hizo kwa kiasi kikubwa ni uvujaji. Lakini kama mji una mgao, chukua tahadhari, kwa sababu saa hizo ndizo matangi ya nyumbani yanapojaa, na utayaita matumizi halali kuwa uvujaji. Baada ya hapo utafute mvujo kwa fimbo ya kusikilizia. Nondo iliyonyooka nayo inafaa, upande mmoja ukiwa kwenye valvu na mwingine sikioni. Mabomba ya chuma husafirisha sauti vizuri, ya plastiki huinyonya, hivyo kwenye plastiki sogea karibu zaidi. Wala usidharau mvujo mdogo: tundu la milimita 6 chini ya presha ya bar 5 hupoteza takriban nusu lita kwa sekunde, yaani zaidi ya lita 40,000 kwa siku.

Kuhusu namna ya kukarabati, nitakuwa mfupi, kwa kuwa uchaguzi hujileta wenyewe ukishapima. Bomba la chuma lenye ukuta mnene lakini lililojaa vinundu vya kutu husafishwa kwa kukwanguliwa na kupakwa saruji ndani. Likiachwa bila kupakwa, vinundu hurudi upesi. Lililooza linaweza kuvishwa bomba la plastiki ndani yake bila kuchimba mtaro mzima, ila hesabu kwanza: upana wa ndani ukishuka kutoka milimita 150 hadi 120, kwa ulaini uleule, uwezo hubaki kidogo juu ya nusu. Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kupunguza presha pale inapozidi. Sisi tulijenga tangi moja dogo la kuvunjia presha juu ya sehemu ya asbestosi, na maungio ya zamani yaliyobaki hayajafumuka tena.

Usiwarudishie watu maji kabla ya kusafisha bomba kwa klorini. Kwa kipande cha mita 100 chenye kipenyo cha milimita 150, ambacho hubeba kama lita 1,770, gramu 70 hivi za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 zinatosha kufikia miligramu 25 kwa lita. Yaache maji hayo ya klorini yakae bombani saa 24, kisha yamwage mahali yasipoingia mtoni au shambani, na usukutue bomba hadi harufu kali iishe.

Kila kipande cha bomba kinachokatwa, hata kile kiduara kidogo kinachotoka fundi anapomuunganisha mteja mpya, kisitupwe. Kiandikwe kwa rangi tarehe na mahali kilipotoka, kiwekwe kwenye rafu. Kamati ile sasa ina rafu yenye vipande 23, na mwaka jana, walipotaka kujua kipande cha kuanzia kwenye ukarabati unaofuata, hawakuniita. Walikwenda kwenye rafu.