Maswali yenu kuhusu utafiti na sera za elimu

Kweli tunahitaji utafiti kujua kwamba vitabu vinawasaidia watoto? (Mzazi)

Tunauhitaji, na vitabu vyenyewe ndio ushahidi wangu. Katika miaka ya 1990, shule kadhaa za msingi magharibi mwa Kenya ziligawiwa vitabu vya kiada, kisha watafiti wakazilinganisha na shule zilizokuwa hazijapata. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi ni lugha ya tatu: mtoto anafunua, anatazama picha, anafunika. Hapo hatusemi vitabu havina maana. Tunasema aliyeviagiza hakuuliza nani ataweza kuvisoma.

Mradi wa majaribio umefaulu na takwimu tunazo. Kwa nini tusiusambaze nchi nzima? (Afisa mipango)

Kwanza niambie nani aliuendesha. Kenya hiyohiyo ilijaribu walimu wa mkataba, na matokeo ya awali yalikuwa mazuri. Jaribio lilipopanuliwa, shule ziligawanywa kwa kura ya bahati nasibu: baadhi chini ya shirika lisilo la kiserikali, nyingine chini ya serikali. Kwa shirika, alama zilipanda. Kwa serikali, hazikusogea. Mpango ulikuwa uleule, ila upande wa serikali mishahara ilichelewa na usimamizi ulilegea. Kwa hiyo kabla ya kusambaza, ujaribu mradi huo kwa mikono itakayoubeba kesho: maafisa wenu, mfumo wenu wa malipo, wakaguzi wenu wale wachache. Najua hilo linachelewesha mambo, na wakubwa hawalipendi.

Nimepeleka wizarani ripoti ya kurasa 140. Miezi minane, kimya. (Mtafiti)

Pole, lakini lawama nyingine ni zako. Jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi: mafaili yamepangana mezani, kikao ni saa nne, na waziri anataka jibu la aya mbili. Wewe umemletea sura nzima ya mbinu za utafiti. Andika ukurasa mmoja: tatizo, kilichosaidia, gharama kwa kila mwanafunzi, na nani atatekeleza. Gharama usiiruke, kwa sababu ndiyo wanayoitafuta kwanza. Kisha angalia kalenda ya bajeti. Ukifika makadirio yakishafungwa, umefika mwaka ujao. Na safari nyingine nenda kabla hujaanza utafiti, uwaulize wana uamuzi gani mbele yao.

Mmoja anasema madarasa madogo yanasaidia, mwingine anakataa. Nimwamini nani? (Mwalimu mkuu)

Huenda wote. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza jaribio mwaka 1985: madarasa ya watoto 13 hadi 17 yaliyashinda kwa alama yale ya 22 hadi 25. Mwaka 1996 California ikapunguza idadi ya watoto katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, jimbo zima, kwa haraka, ikalazimika kuajiri walimu wengi wasio na sifa kamili. Darasa dogo lenye mwalimu asiyeandaliwa ni kitu kingine kabisa.

Waziri akisema "utafiti unaonyesha", niamini? (Msomaji)

Muulize upi, ulifanyika wapi, na watoto ambao hawakuupata mpango uliotafitiwa walifikia wapi.